Maji Yaliyonyimwa Njia

Matone ya dawa yaliingia kwenye kichupa, na maji yakakataa kugeuka rangi.

Mpima maji alikiinua kichupa kwenye mwanga, akasubiri. Kila asubuhi, kabla milango ya bustani ya michezo haijafunguliwa, alichota maji ya mfereji wa boti, akatia matone matano, na maji yakawa ya waridi: klorini ipo, watoto wapande. Siku nyingine waridi hufifia, naye huongeza dawa kidogo. Leo hayakuwa yamefifia. Yalikuwa kama hayajawahi kutiwa kitu, na jana jioni alikuwa amefungua pipa jipya la klorini kwa mkono wake mwenyewe. Akachota upande wa pili wa mfereji. Vilevile. Tena yalikuwa maangavu kupita kiasi, mtu angeweza kuhesabu vichwa vya skrubu kwenye sakafu. Ila yalinuka nywele zilizoungua.

Kazini walimwita Bi Klorini, maana hata akitoka kuoga harufu ya kazi yake ilimtangulia mlangoni. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na tatu, mwenye ulimi mkali na mkono usiokosea kipimo. Chumba cha pampu alikitumia pamoja na fundi, na fundi huyo alikuwa mume wa binti yake wa pekee. Watu waliwatania kwamba mkwe na mama mkwe wakifungiwa chumba kimoja, pampu ndiyo itakayoomba likizo. Lakini walipatana. Kijana alimpa spana kwa mikono miwili, hakuketi yeye akiwa amesimama, na alipoitwa, hata kichwa kikiwa ndani ya mashine, aliitika "Naam, mama" kabla hajajua anaitiwa nini. Nyumbani nako waliishi pamoja, na binti alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Bi Klorini alimweleza mkwewe kuhusu kichupa. Wakaikagua njia yote ya maji, hatua kwa hatua. Maji hutoka mferejini, hupita kwenye chujio la kikapu linaloshika vibanio na kofia za watoto, husukumwa na pampu hadi kwenye matangi matatu makubwa yaliyojaa mchanga, huacha uchafu humo, hutiwa klorini, kisha hurudi kubeba boti kupitia pango la giza lililojengwa katikati ya bustani. Mchanga nao huoshwa kila juma kwa kurudisha maji nyuma, na hata maji hayo ya taka hutuamishwa kwenye birika la saruji na kurudishwa. Meneja alijivunia sana jambo hilo. Aliwaambia wageni kwamba tangu bustani ifunguliwe, miaka sita, maji ni yaleyale ya kisima cha kwanza, na halijapotea hata tone.

Hawakuona kasoro. Wakatia klorini mara mbili ya kawaida, rangi ikarudi, wakafungua.

Siku ya pili Bi Klorini alikuwa ameinama juu ya tangi la kati aliposikia sauti ya mkwewe nyuma ya bomba, ya chini, tulivu kabisa: "Kizee wewe, utakufa lini tupumue?"

Aliganda. Alipozunguka tangi hakumwona mtu. Fundi alikuwa nje, anafunga nati. Mama hakumuuliza. Mwanamke wa heshima zake ataulizaje neno kama hilo? Alilimeza, na jioni ile, mkwe alipomkaribisha mezani, alijibu kwamba ameshiba.

Kumbe fundi naye alikuwa amebeba lake. Asubuhi hiyohiyo, alipofungua chujio, alisikia sauti ya mama mkwe ikitoka kwenye mdomo wa bomba, ikimwambia kwamba mimba ya kwanza ya mkewe iliharibika kwa sababu ya damu yake chafu, na hii ya pili itafuata. Alikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Kilichomuumiza ni kwamba lilikuwa jambo ambalo siku zote alihisi mama huyu analiwaza. Na kweli, Bi Klorini aliwahi kuliwaza, usiku mmoja wa msiba, akalitubia, hakulitamka kwa binadamu yeyote.

Kwa wiki nzima nyumba ile ilikaa kama jiko lililomwagiwa maji. Spana zilitupwa juu ya meza badala ya kupokezwa. Binti aliuliza kulikoni, kila mmoja akamjibu ni uchovu. Na kila siku mabomba yaliongeza neno: kwa mama, sauti ya mkwe, kwa mkwe, sauti ya mama, na maneno yenyewe hayakuwa ya kubuni, yalikuwa yale ambayo mtu huyaficha hata nafsi yake mwenyewe.

Ukweli ulifichuka saa tatu ya asubuhi moja, wote wawili wakiwa wamesimama mbele ya matangi, kila mmoja ameangalia kwake. Ndani ya tangi la tatu ugomvi ulianza. Sauti ya mama ilimtukana mkwe, sauti ya mkwe ikamtukana mama, zikapandana, zikaongeza kasi, huku chuma kikitetemeka na harufu ya nywele zilizoungua ikipanda kutoka kwenye viungo vya bomba, mpaka wenye sauti zao wakageuka wakatazamana, na kila mmoja akaona kwamba mdomo wa mwenzake umefumba.

Ugomvi ukakatika. Kisha kitu ndani ya mchanga kikacheka, kwa sauti zao zote mbili.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Klorini alisema akiwa amelishika shati la kijana wake.

"Nisamehe wewe, mama. Mimi niliamini."

Walikwenda kwa meneja wakitaka mfereji ufungwe, na maji yamwagwe yote. Meneja aliwasikiliza akichezea funguo. Aliwauliza kama wanataka atangaze kwenye redio kwamba bustani ina jini, na kama wanajua lita laki nne zikimwagwa ni ukame kwa mtaa mzima. Maji yakimwagika hayazoleki, aliwaambia, akacheka peke yake.

Hakucheka muda mrefu. Kabla ya adhuhuri boti moja ilitoka pangoni ikiwa imelala ubavu. Baba mmoja alikuwa ameung'ang'ania mguu wa binti yake wa miaka saba. Sehemu yote ya juu ya mtoto ilikuwa ndani ya maji, na mama wa mtoto, aliyeketi mbele yao muda wote huo, alikuwa akipiga kelele. Fundi aliruka ndani wakamtoa. Mtoto alitapika, akapumua, akamtazama mama yake kwa mshangao. Baba alisema walisikia sauti ya mama ikimwita mtoto kutoka chini ya maji, ikimwambia ashuke, naye akaitika, "Abee, mama." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Walipompakia kwenye gari la hospitali, midomo ilikuwa bado inatembea lakini sauti haikutoka.

Meneja aliifunga bustani mchana uleule, na ni yeye mwenyewe aliyeuliza nani anamjua mtaalamu.

Alipatikana mganga mmoja, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye wachimba visima humwita wakipiga mwamba ukalia. Hakuja na mbwembwe. Alizunguka matangi na kuuliza maswali kama mkaguzi: kisima kilikuwa na kina gani, maji hutoka wapi, huenda wapi, na lini yaliwahi kuachwa yaende zake. Alipoambiwa kwamba hayajawahi, alivua miwani akaifuta.

Alisema waliyemchota kisimani hakuwa na ugomvi na mtu. Maji ni njia yake, na njia ina mwisho. Wao wameikunja njia ikawa duara, wakamzungusha humo miaka sita, wakimkwangua kwa mchanga na kumtia dawa machoni kila asubuhi. Sasa amejifunza kuwachukia, na amejifunza vizuri.

"Fungueni njia, ataondoka," aliwaambia. "Lakini ataita. Ataita kwa sauti mnayoipenda au mnayoiheshimu. Atakayeitika, ataondoka na sauti yake. Msiitike. Hata kwa kukohoa."

Koki ya kumwagia ilikuwa ndani ya pango, na ilikuwa nzito, ya kuzungushwa na watu wawili. Jumatatu asubuhi, jua likiwa kali nje, mama na mkwe waliingia na tochi moja. Mganga alibaki mlangoni, midomo yake ikisoma bila sauti.

Koki ililia, ikalegea, na maji yakaanza kushuka kwa mngurumo kwenye mtaro mkuu uendao chini ya mji. Mwanzoni waliitwa na mtoto yule wa boti, wakanyamaza. Wakaitwa na meneja, wakanyamaza. Kisha marehemu mume wa Bi Klorini akamwita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua, la chumbani, la ujana wao, akamwambia kwamba huko aliko kuna baridi na tangu amezikwa hajapata wa kumfunika, na mjane yule akauma ukosi wa gauni lake mpaka fizi zikatoka damu, machozi yakimtiririka, mikono yake ikizidi kuisukuma koki, huku maji yakishuka magotini, yakishuka kwenye vifundo, yakibaki kamba nyembamba nyeusi iliyojinyonganyonga kuelekea shimoni kama kitu chenye uti wa mgongo.

Kamba hiyo ya maji ilipobaki hatua moja ipotee shimoni, sauti ya mwisho ilitoka mtaroni, nyuma ya bega la fundi. Ilikuwa ya Bi Klorini, ya kawaida, ya kila siku, ya mtu anayeomba spana.

"Mwanangu."

Kijana alikuwa amekaza meno kwa yote yaliyotangulia. Lakini hili halikuwa la kutisha. Lilikuwa ni kuitwa na mama mkwe.

"Naam, mama," aliitika.

Maji yakaisha. Pango likawa kimya kabisa. Bi Klorini alimulika tochi, akamwona mkwewe amejishika koo, macho yamemtoka, anaita, anaita, na hakisikiki kitu.

Mfereji ulijazwa maji mapya, na tangu siku hiyo humwagwa kila baada ya miezi mitatu. Boti zinatembea na hakuna lolote lililosikika tena bustanini. Fundi alipelekwa hospitali tatu, madaktari wakasema koo ni zima. Mkewe aliambiwa ni mvuke wa klorini uliomuunguza. Ndivyo Bi Klorini alivyoamua, kwa kuwa binti alikuwa na mimba na tayari alikuwa amepoteza moja. Alijiapiza kumweleza akishajifungua. Alipojifungua, mtoto wa kike, alijiapiza kumweleza akishapata nguvu.

Mtoto alipokuwa na siku thelathini na mbili, ilikuwa Jumapili mchana, mama na mkwe walikuwa uani wakianika nguo. Kutoka dirisha la jikoni ilisikika sauti ya maji. Binti alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni ndani ya sinki. Mara, kutoka chini kwenye tundu la sinki, linaloishia kwenye mtaro uleule wa mji, mtu alibisha.

"Hodi, mke wangu."

Ilikuwa sauti ya fundi, ya upole, kama ilivyokuwa kabla ya ile Jumatatu. Fundi mwenyewe alikuwa uani na shati bichi mkononi. Alifungua mdomo kupiga ukelele wa kumzuia mkewe, ukatoka upepo mtupu. Bi Klorini alitaka kupiga kelele yeye, kisha akakumbuka kwamba hata kukohoa ni kuitika, akaziba mdomo na kukimbia, akaangusha kamba na nguo zote, akagonga goti kwenye kizingiti, na kabla hajaufikia mlango alimsikia binti yake, aliyekaa zaidi ya miezi minne bila kusikia sauti ya mumewe, akicheka kwa furaha.

"Karibu," binti alisema. "Karibu, baba."

Alipogeuka kumweleza mama yake habari njema, midomo ilitembea bure. Na kutoka kwenye tundu la sinki, sauti ya binti ikaanza kuita kwa uchangamfu, "Mama, njoo. Mama, mbona huji?"

Bi Klorini hakujibu. Alimnyanyua mjukuu kutoka majini, akambana kifuani na kumziba masikio kwa viganja vyote viwili. Mtoto hakujua bado kuitika.