Chumba cha Uani

Mashine ya overloki, ya kufunga kingo za nguo, ilikuwa imeng'olewa mezani, na matundu manne ya skrubu yakabaki yakimkodolea macho mama mwenye karakana ya ushonaji. Mlango haukuvunjwa. Aliyeichukua aliingia mchana, saa ya chakula, kama mtu wa nyumbani.

Inspekta hakuhitaji kuuliza wanamshuku nani. Mafundi wote walikuwa wameshamgeukia mkata vitambaa, kijana mpole anayetumikia kifungo cha nje cha miaka miwili kwa kosa la kumgonga mpita njia kwa gari. Kosa moja tu, hata la kuiba sindano, na kifungo hicho angekwenda kukimalizia gerezani.

Kesho yake simu ikapigwa kituoni. Mwanamume asiyetaja jina alisema mashine iko nyumbani kwa dada wa huyo kijana, chumba cha uani anakolala kijana, chini ya kitanda.

Kweli ilikuwepo, imeviringishwa kwenye gunia. Kijana akatiwa mahabusu. Inspekta alipaswa kufurahi, lakini kesi inayojipika na kujipakua yenyewe humtia shaka. Tena godoro lilikuwa limeota ukungu.

"Analala hapa?"

"Wiki ya tatu hii halali humo, afande," dada mtu alisema. "Dari linavuja. Analala sebuleni, kwenye kochi."

"Nani anajua?"

"Afisa uangalizi wake, anayemsimamia kifungo. Mwenyewe aliambiwa asihame bila kutoa taarifa, basi akamwandikia barua kwamba anahama kutoka chumbani kwenda sebuleni."

Barua ilikuwepo kwenye jalada la afisa uangalizi, imegongwa muhuri wa wiki tatu nyuma. Afisa alikiri kwamba siku ile aliicheka hadi machozi. Ndivyo kijana alivyo: akiambiwa awe nyumbani saa kumi na mbili, saa kumi na moja na nusu ameshavua viatu.

Kwa hiyo aliyepiga simu alikijua chumba, ila hakujua kwamba kimehamwa. Inspekta akarudi kwa dada, akamuuliza nani aliingia humo ndani tangu mashine ipotee. Dada akasema kaka yao mkubwa alipita siku ile ile ya wizi, alasiri, naye dada akamwachia nyumba akaenda kuteka maji. Kaka huyo hakuwa amekanyaga pale tangu kesi ya ajali iishe, na dada alifurahi kumwona. Alipoyasema hayo alikuwa analia.

Kaka alikuwa dereva, na ndiye aliyekuwa akipeleka majora ya vitambaa karakanani. Mtaalamu wa alama za vidole alizikuta za dereva huyo chini ya kitako cha mashine, mahali ambapo hata fundi hapagusi mpaka aing'oe.

Asubuhi Inspekta akamkalisha dereva mbele ya meza yake. Mdogo wake, aliyetolewa mahabusu, alikaa kwenye benchi la ukutani.

"Siku ile ulipeleka mzigo saa ngapi?"

"Saa saba."

"Mafundi walikuwa wapi?"

"Wanakula."

"Alama za vidole vyako ziko chini ya mashine. Nieleze."

Dereva akainamisha kichwa, na alipoanza kusema hakusimama. Siku ya ajali, aliyeshika usukani alikuwa yeye. Mdogo wake aliibeba kesi ili leseni ya kaka isifutwe na watoto wake watatu wasilale njaa.

"Na shukrani yako ni kumpeleka jela?"

"Ningefanyaje, afande? Huyu hakiuki hata sharti moja la kifungo chake. Na mojawapo ni kumweleza afisa ukweli wote. Nilijua iko siku atasema. Akishakuwa mwizi, nani angemwamini?"

Inspekta alikuwa ameshughulika na wezi miaka ishirini, lakini hili lilimuuma. Alimtazama kijana. Usoni hapakuwa na hasira, palikuwa na mshangao tu, wa mtu aliyesalitiwa na damu yake.

"Afisa ananiuliza kila Jumatatu, kaka," kijana alisema taratibu. "Na kila Jumatatu namwambia nilikuwa naendesha mimi. Ni sharti hilo tu nililovunja."