Mbuzi za Mwongeli

"Kama hawezi kusema ndio, hizo mbuzi zibaki kwao Musembi, Tawa!"

"Mwaitu, mama yangu, anaweza. Mngojee tu."

"Mpaka lini, Kitheka? Wazee wakimuuliza kama anamtaka Musembi, ajibu hapana kama alivyonijibu jana? Tuaibike?"

Mwongeli alikuwa hapo hapo, anachagua ndengu. Mama na kaka yake wanamwongelea kama kiti. Ana miaka ishirini na sita. Tangu apate stroke, yaani kiharusi, maneno yanamtoroka. Anataka chai, inatoka kiatu. Anataka ndio, inatoka hapana. Watu husema stroke ni ya wazee. Wajinga. Na akili yake ni ile ile iliyoendesha saluni Kibwezi.

Na anamtaka Musembi. Huyo ndiye humngoja amalize kusema.

Akagonga sufuria na mwiko. Wakamgeukia. Akachukua simu, akaonyesha picha ya Ismahan, anayemfundisha kuongea tena huko hospitali. Kitheka akapiga, akamweleza.

"Mama, hiyo ni afasia," Ismahan akasema. "Stroke imeumiza mahali pa maneno kwa ubongo. Akili iko. Na usimpigie kelele, si kiziwi."

Mama akatazama ndengu.

"Muulize swali moja, fupi. Halafu unyamaze, umpe muda. Usimmalizie. Ndio na hapana zinachanganyika, kwa hivyo usikimbilie neno la kwanza. Mwambie akuonyeshe: kwa mkono, kwa picha, kwa kitu chochote."

"Na wazee?"

"Waambieni mapema."

Kitheka akawaambia.

Jumamosi watu wa Musembi wakafika. Wakafunga mbuzi zao za ntheo, za kuposa, kwa mti langoni. Mzee Muthama wa upande wa Mwongeli akauliza polepole, "Mwongeli, tupokee hizi mbuzi?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga.

"Ha... hapana," Mwongeli akasema.

Shangazi ya Musembi akaokota kibeti chake, akainuka aende.

"Kaa chini!" Mama akasimama. "Hajamaliza. Mwongeli, tuonyeshe."

Mwongeli akaenda langoni. Mkono wa kulia bado mzito, akafungua kamba na wa kushoto. Akamtazama Musembi, akacheka.

"Hapana gani hiyo inafungua mbuzi?" Muthama akauliza. Watu wakaangua kicheko. Mama akapiga kigelegele.

Mwongeli akawageuzia mgongo, akazivuta mbuzi kuelekea boma la mama yake.