Jalada la Duván

Jumamosi ya tarehe 12 Machi 2016, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Hillevi Norrgård alipanda ngazi kutoka chumba cha kufulia cha jengo zima, akavua viatu mlangoni, akaingia jikoni na kukuta jalada la buluu halipo mezani. Pasipoti mbili zilikuwepo. Dola walizobadilisha benki zilikuwepo, tena kwenye bahasha iliyo wazi. Kompyuta ya mumewe ilikuwepo. Kilichokosekana ni jalada peke yake.

Humo mlikuwa na miaka saba ya maisha yao: kibali cha manispaa cha kuasili mtoto, cheti cha ndoa, barua za madaktari, ripoti ya mtoto, tafsiri za yote hayo, kila karatasi na muhuri wake. Juu kabisa ilibanwa picha ya Duván, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akiwangoja katika mji wa Manizales, Kolombia. Ndege yao ilikuwa Jumatatu. Kukabidhiwa mtoto kulipangwa Jumatano saa tatu asubuhi. Mwanasheria wa huko alishawaonya kwamba nakala hazikubaliwi, kwamba mihuri mipya ingechukua wiki sita, na kwamba wasipofika siku hiyo mtoto angepewa familia inayofuata kwenye orodha.

Staffan, mumewe, alifika na kapu la pili la nguo. Alichungulia chini ya meza, nyuma ya friji, hata ndani ya jiko la kuokea. Polisi waliwasikiliza kwenye simu, wakawapa namba ya taarifa na kuwatakia kila la heri. Hapo Hillevi alishuka ngazi na soksi zake hadi ghorofa ya chini, akagonga kwa Barbro Åkerlind.

Barbro alikuwa na miaka sabini na mmoja. Thelathini na moja kati ya hiyo aliitumia kama mpelelezi wa polisi hapa mjini Gävle, Uswidi. Sasa alikuwa mwenyekiti wa jengo letu, na kesi zake zilikuwa za baiskeli zilizotelekezwa na za nani katupa kadibodi kwenye pipa la chupa. Alimsikiliza Hillevi mpaka mwisho, akachukua miwani na daftari, akapanda naye.

“Mlishuka saa ngapi?”

“Saa nne na dakika tano,” Staffan alisema. “Zamu yetu ya kufua ilianza saa nne kamili. Tukichelewa nusu saa tunanyang'anywa.”

“Na mlango?”

Mlango hawakuufunga kwa ufunguo. Walikuwa wanashuka chini tu, wamebeba nguo za mtoto, maana nguo mpya huwezi kumvalisha mtoto kabla ya kuzifua.

Barbro alipiga magoti kwenye ukumbi wa kuingilia, akapitisha kiganja sakafuni. Machi njia zetu zote zina kokoto za kuzuia utelezi wa barafu, na ukiingia na viatu lazima uziache. Sakafu ilikuwa kavu, safi.

“Mwizi wenu kavua viatu,” alisema.

“Mwizi gani anavua viatu?”

“Mwizi wa kwetu, Staffan. Ungeingia nyumba ya mtu na viatu, wewe?”

Staffan alikiri kwamba asingeingia, hata kuiba.

Kwenye rafu chini ya kioo, kando ya funguo, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Barbro aliuliza nani kaiweka. Hillevi alidhani ni Staffan, Staffan alidhani ni Hillevi, na wote wawili hawakuwa wameifungua. Barbro aliisoma kimya. Iliandikwa kwa herufi kubwa, ikilalamika kwamba chujio la mashine ya kukaushia liliachwa limejaa nyuzi. Aliitia mfukoni bila kusema ina nini. Alisema tu kwamba imetoka kwa jirani yao Ture.

Hillevi alishika kichwa. “Ni yeye. Wiki iliyopita alituandikia kuhusu sabuni iliyomwagika. Anatuchukia yule mzee.”

Barbro aliuliza nani mwingine ana ufunguo au mazoea ya kuingia humo. Walikuwa wawili tu: Gunvor, mama yake Staffan, na Pernilla, dada yake Hillevi. Pernilla ndiye angeangalia nyumba wakiwa safarini. Alhamisi alikuja akaonyeshwa kila kitu: maua ya kumwagilia, namna ya kupunguza joto, barua zinapowekwa.

Ture Wikander wa ghorofa ya pili alimfungulia Barbro saa tano na robo. Alikuwa na zamu ya kufua ya saa moja mpaka saa nne, na alikuta chujio, walilotumia wao Ijumaa jioni, katika hali ambayo, kwa maneno yake, ni aibu kwa binadamu. Aliandika barua, akasimama nyuma ya mlango wake akisikiliza ngazi hadi alipohakikisha hakuna mtu wa kukutana naye, ndipo akapanda. Alikuwa na hakika ya saa kwa sababu redioni kipindi cha bustani kilikuwa kinaanza, saa nne na dakika ishirini.

“Mbona hukubisha hodi?”

“Kubisha?” Ture alionekana kama ametukanwa. “Kulikuwa na mtu ndani. Nilimsikia anatembea. Nikatumbukiza barua kwenye tundu la mlango nikaondoka.”

“Ilianguka wapi?”

“Sakafuni, itaanguka wapi tena?”

Barbro aliandika yote mawili. Saa nne na dakika ishirini mtu alikuwa ndani, na wenye nyumba walikuwa chini wanafua. Barua ilianguka sakafuni, nao wakaikuta kwenye rafu.

Gunvor alikuwa tayari jikoni kwa mwanawe, na mfuko wa keki za mdalasini, akisema kwamba labda ni Mungu tu ndiye aliyeamua. Tangu mwanzo alipinga, na hakujificha. Aliona wamezeeka, na mtoto wa miaka minne angewakuta hawana magoti ya kukimbiza mpira. Hillevi hakumwangalia usoni. Barbro alipomuuliza alikuwa wapi, yule mama alichomoa mkobani kijikaratasi cha foleni cha duka la mikate: namba 64, saa nne na dakika kumi na nane.

“Nilihudumiwa saa nne na nusu,” alisema. “Mbele yangu kulikuwa na mwanamume anaonja kila kitu. Na mimi, Barbro, nikitaka kuharibu jambo naliharibu kwa mdomo. Waulize hawa.”

Walikubali wote, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Staffan alicheka.

Pernilla alifika saa sita mchana, amepigiwa simu kazini kwake ng'ambo ya mto, alikoingia saa tano. Alikuwa na miaka arobaini, mfupi, nywele nyeusi. Wazazi wa Hillevi walimleta kutoka Kolombia akiwa na miaka miwili, na kila mtu alisema ni jambo zuri kwamba sasa mtoto wa pili anatoka hukohuko. Alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu. Hillevi alimwambia kwa hasira kwamba ni Ture, hana shaka, na kwamba anataka mlango wake uvunjwe.

“Mwache mzee wa watu,” Pernilla alisema. “Mtu anayekosa raha kwa ajili ya nyuzi kwenye chujio hawezi kuiba karatasi za mtoto.”

Barbro alimwomba Staffan amwongezee kahawa. Hakuwauliza wao kitu kingine siku hiyo.

Mchana ule Hillevi alikaa kwenye chumba cha Duván. Kitanda kilikuwa kimetandikwa tangu Januari. Aliujua urefu wa mtoto huyo, uzito wake, jino lililovunjika, kwamba anaogopa mbwa na anapenda ndizi za kukaanga. Mkononi alivaa saa mbili, moja ya hapa na moja ya kule, ili ajue kila wakati kama amelala au ameamka. Alimtamani kiasi kwamba mwili ulimuuma, mabegani na mikononi, mahali ambapo mtoto hubebwa. Aliwahi kumwambia daktari, daktari akampa dawa ya misuli.

Jumapili saa nane mchana Barbro aliwaita watu watatu nyumbani kwake: Hillevi, Staffan na Pernilla. Aliweka kahawa na vikombe, na kwenye meza akaweka barua ya Ture ikiwa imekunjwa.

“Mtu aliingia kabla ya saa nne na dakika ishirini,” alianza. “Alivua viatu. Hakugusa pesa. Akiwa ndani, barua ikaanguka mlangoni. Mgeni angeiruka. Gunvor angeipeleka jikoni aisome kwa sauti. Huyu aliiokota, akaifungua, akaikunja tena na kuiweka chini ya kioo, kama alivyofundishwa Alhamisi. Hakufikiri. Alikuwa anaangalia nyumba.”

“Na nilirudi kwa Ture jana jioni kumuuliza kama kuna mtu ambaye yeye alimwambia kuhusu chujio. Hakuna. Barua hii imekuwa mfukoni mwangu. Hillevi, ina nini?”

“Sijui. Hukunionyesha.”

“Staffan?”

Staffan alitikisa kichwa.

“Pernilla ndiye aliyejua,” Barbro alisema polepole. “Nilikupa usiku mzima, mama, nikitumaini utalirudisha mwenyewe.”

Pernilla alifungua mkoba wake, akalitoa jalada la buluu, akaliweka mezani. Halikuwa na mkunjo hata mmoja. Hillevi alilivuta kifuani kwa mikono yote miwili.

“Kwa nini wewe? Kati ya watu wote, wewe?”

“Nilikuja kuzungumza na wewe. Mlango ulikuwa wazi, hamkuwepo, na lenyewe liko mezani. Nikasema nisome tu. Umesoma ukurasa wa kumi na moja?”

“Nimesoma jalada hili mara mia.”

“Umesoma kuhusu yeye. Anakula nini, ana kilo ngapi. Nimekuuliza ukurasa wa kumi na moja.”

Staffan alilichukua jalada mikononi mwa mkewe, akafunua, akasoma. Mama wa mtoto hakupatikana. Tangazo lilitolewa gazetini siku tano. Chini iliandikwa anwani yake ya mwisho, katika mji mdogo, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka Manizales. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu aliyekwenda kubisha.

“Karatasi zangu zinasema hivyohivyo,” Pernilla alisema. “Hakupatikana. Mwaka juzi nilimtafuta mama aliyenizaa. Aliniacha kwenye nyumba ya watoto wiki mbili, akaenda hospitali kupasuliwa. Aliporudi sikuwepo. Aliishi nyumba ileile miaka thelathini na sita, hakuhama, majirani wanasema kwa sababu yangu. Barua yangu ilifika miezi minane baada ya yeye kuzikwa.”

“Hukuniambia.”

“Nilianza mara tatu. Mara ya mwisho uliniambia, Pernilla, niachie furaha yangu.”

Hillevi alikumbuka. Ilikuwa Krismasi, walikuwa wanaosha vyombo.

“Kwa hiyo uliamua kuninyima mtoto,” alisema. “Unajutia kulelewa na sisi? Baba na mama walikukosea nini?”

“Hakuna. Nawapenda, na wewe nakupenda. Na yule mama pia namtamani, kila siku, na sitamwona. Nilitaka wiki moja tu, Hillevi. Mtu aende akabishe mlango mmoja. Halafu nikalala na jalada lako chini ya mto nikajiona mwizi, maana ni mwizi kweli.”

Barbro alivua miwani. Alisema kwamba jalada limerudi na kwamba upande wake kesi imekwisha. Hilo lililobaki, alisema, halina polisi.

Hillevi alikuwa na karatasi zake zote. Angeweza kusimama, kushukuru, kupanda ngazi, kumaliza kufunga masanduku, na Jumatano saa tatu asubuhi kumpakata Duván. Kila muhuri ulikuwa mahali pake. Hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza kuhusu ukurasa wa kumi na moja, isipokuwa mtoto mwenyewe siku moja, akiwa mtu mzima, amekaa kwenye meza kama hii.

“Tunafika Jumatatu usiku,” alisema mwishowe. “Jumanne hatuna ratiba.”

“Na tukimkuta?” Staffan aliuliza. “Akisema anamtaka mwanawe?”

“Basi tutarudi wawili.”

Staffan alifumba macho, akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono. Hillevi alianza kulia bila sauti. Hakuyafuta machozi, aliyaacha yashuke, kisha akamgeukia dada yake. Pernilla alikuwa amejifunza Kihispania miaka miwili, jioni baada ya jioni, kwa ajili ya mwanamke ambaye hakupata kumsemesha.

“Nifundishe swali lenyewe,” Hillevi alisema. “La kumuuliza mlangoni. Nataka niulize mimi.”

Pernilla alilisema neno kwa neno: wewe ndiye mama yake Duván, na je, unamtafuta? Hillevi alirudia, akakosea, akarudia. Barbro aliondoa vikombe bila kelele. Kufikia saa kumi Hillevi alikuwa analisema swali vizuri, kwa sauti ambayo mtu yeyote wa kule angeielewa, na kila alipolimaliza aliomba kwa moyo wake wote kwamba asiwepo mtu wa kulijibu.