Ukurasa Mtupu wa Kalunde

Mvua ya Novemba ilinyesha Ikutha siku mbili. Ilipokatika, Kalunde aliwapa wajukuu uji, akachukua daftari lake, akashuka silangani. Silanga ni bwawa la udongo lililochimbwa na wanakijiji. Maji ya kunywa, ya kufulia na ya mbuzi yote hutoka humo.

Kalunde alijitolea kuhesabu mayai ya chura. Chura wa pale hutaga mayai kama uzi mrefu wenye vidoti vyeusi. Kila baada ya mvua kubwa, Kalunde huhesabu nyuzi na kuandika.

Siku hiyo hakuona hata uzi mmoja. Alizunguka tena, akainama, akafunua nyasi. Hakuna. Alirudi nyumbani bila kuandika kitu. Huu ulikuwa msimu wa tatu wa mvua bila mayai. Aliona haya, na aliogopa pia. Kwake, kuandika sifuri ni kuliombea silanga kifo.

Jumanne alikuja Nasreen, mwenye duka la dawa za mifugo sokoni. Yeye ndiye hukusanya madaftari ya wanaohesabu mayai ya chura.

"Mama, mbona kurasa tatu hazina kitu? Hukuenda?"

"Nilienda. Sikupata kitu. Sasa ningeandika nini?"

"Sifuri, mama. Ukurasa mtupu unaniambia hukuenda. Sifuri inaniambia ulienda, ukatafuta, ukakosa. Ningeona sifuri ya kwanza, ningekuja mwaka jana."

Maneno hayo yalimchoma Kalunde. Mwaka mzima ulikuwa umepotea kwa ajili ya haya zake.

"Nani huosha pampu ya dawa ya kupe hapa?" Nasreen aliuliza.

Nyamai, mume wa Kalunde, alikuwa akifunga mbuzi. "Ni mimi. Naosha huko silanga, maji iko karibu."

"Mzee, yai ya chura haina ganda. Dawa inaingia tu. Chura wakiisha, shuku hiyo maji."

"Lakini sisi tunachemsha."

"Kuchemsha inaua viini vya magonjwa. Dawa inabaki."

Nyamai alitazama vikombe vya wajukuu, akakaa chini pale pale mavumbini.

Tangu siku hiyo alinyunyizia mbuzi mbali na silanga, na pampu akaiosha huko huko mbali. Majirani walifuata, wakinung'unika. Maji ya kunywa walichota kwenye kisima cha pampu, mwendo wa saa mbili, na mgongo wa Kalunde ulimuuma kila jioni.

Aprili aliandika sifuri. Novemba, sifuri. Alilia akiandika. "Unahesabu hewa," jirani mmoja alimtania.

Aprili nyingine, Nyamai aliandamana naye. Walizunguka pamoja. Kwenye nyasi za ukingoni Nyamai aliona uzi mmoja, mfupi kama kiganja.

"Andika, Mama Kathini," alimwambia mkewe.

Kalunde alifungua ukurasa wa kwanza. Hapo aliwahi kuandika nyuzi arobaini na moja. Hakufurahi vile alivyodhani angefurahi. Akafunua hadi ukurasa wa leo, akaandika: moja. Kisha akarudi kwenye zile kurasa tatu tupu, akazijaza. Sifuri. Sifuri. Sifuri.