Kocha Rauno na Dada wa Golikipa

Jumamosi ile soko la Tammela, mjini Tampere, lilifurika watu, pa kutia mguu hapakuwapo. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na mvuke wa soseji nyeusi ulitanda juu ya foleni. Saimi Ruuska, fundi cherehani wa jumba la maigizo, alikuwa amevaa koti la sufu la kijani alilojishonea mwenyewe, lenye vifungo vikubwa vya mbao. Alipogeuka na sahani yake ya soseji na jamu, glasi ya maziwa mkono wa pili, akagongana na mwanamume mmoja mrefu, na jamu nyekundu yote ikammwagikia yule bwana kifuani.

"Mungu wangu! Nisamehe, kaka."

"Usijali. Nimeshapigwa na vizito zaidi."

Saimi akamtazama vizuri. Pua iliyovunjika zaidi ya mara moja, kovu juu ya nyusi. Akamtambua: Rauno Vesterinen, beki wa zamani wa ligi kuu ya hoki ya barafuni, sasa kocha wa timu ya daraja la pili hapohapo Tampere.

"Kumbe ni wewe, kocha! Ningejua ningekumwagia na maziwa."

"Nimekukosea nini, bibie?"

"Juzi mabeki wako walikuwa wanazurura tu kama wamekuja sokoni. Golikipa peke yake ndiye aliyecheza."

"Golikipa unampenda, eh?"

"Sana. Ni mdogo wangu. Nimemlea tangu mama yetu afariki."

Rauno akaangua kicheko. "Wewe ndiye Saimi! Onni anasema unatisha."

"Vua hilo koti nikalifue, kabla sijakutisha."

"Kwenye baridi hii?"

"Mtu wa barafu anaogopa baridi? Haya, vua."

Koti lilirudi safi, na aliyelirudisha akaalikwa chakula. Kabla theluji haijaanza kuyeyuka, watu wa jumba la maigizo walishazoea kumwona Saimi akishona huku simu imebanwa begani.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula kahawa."

"Kahawa hailiwi, Rauno."

"Basi njoo unifundishe kula."

Walipendana bila kujificha, na Onni aliwatania wote wawili. Jambo moja tu ndilo lililokuwa gumu kwa Rauno. Ukimuuliza kwa nini aliacha kucheza angali kijana, alisema mwili ulichoka, kisha akabadili mazungumzo.

Ikafika mechi ya kuamua nani apande daraja. Mawakala kutoka Uswidi walikuja kumtazama Onni. Saimi alivaa gauni la bluu ya bahari, akakaa karibu na kioo kinachozunguka uwanja, moyo unamdunda. Timu zilipoingia kwenye barafu, golini akasimama mtu mwingine. Onni alikuwa amekaa nyuma ya benchi, amevaa suti, kichwa ameinamisha.

Timu ilichapwa mabao matano kwa moja. Saimi hakungoja. Akamkuta Rauno kwenye korido, tai imelegea.

"Kwa nini hukumpanga?"

"Ni uamuzi wangu."

"Uamuzi lazima una sababu. Nipe sababu."

"Siwezi kukuambia, Saimi."

"Mimi? Mimi huwezi kuniambia? Umemvunja mdogo wangu mbele ya watu waliokuja kumchukua, halafu unanitazama usoni unaniambia huwezi?"

Saimi akageuka aondoke.

"Basi usinipigie tena."

Hakupiga. Wiki ile uongozi ulimfukuza kazi, na magazeti yakamwandika vibaya. Saimi alisoma, akajilazimisha kufurahi, akashindwa.

Baadaye kidogo alipitia nyumbani kwa Onni mchana wa jua kali. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Onni alikuwa amelala sakafuni, ndoo ya matapishi kando yake.

"Una nini wewe?"

"Mwanga unaniumiza." Akaanza kulia. "Niligongwa kichwa mazoezini, kabla ya mechi. Nilikuwa naona vitu viwili viwili. Nikamwambia kocha anipange hivyohivyo. Nilimpigia magoti, dada. Akakataa, akanipeleka kwa daktari mwenyewe."

"Na mbona alinyamaza?"

"Nilimwapisha. Wale mawakala wangejua, nani angenitaka? Na wewe ungenizuia kucheza maisha."

Saimi alikaa naye mpaka alipopata nafuu. Kisha akapanda treni kwenda Kajaani, mji wa mbali kaskazini, ambako Rauno alikuwa amepata kazi ya kufundisha timu ya wasichana. Alimkuta katikati ya uwanja, kofia ya sufu kichwani, anafoka: "Inua kichwa, Pinja! Ukiinama utavunjwa shingo!" Alipomwona, akateleza taratibu mpaka ukingoni.

"Onni amesema," Saimi akaanza.

"Anaendeleaje?"

"Anapona. Wewe je, ulipona?"

"Mimi nilipogongwa kichwa, kocha wangu alinipanga hivyohivyo. Aliniambia mechi moja tu. Baada ya hapo mwaka mzima sikuweza kusoma hata ukurasa mmoja. Mpaka leo pua hii hainusi kitu."

Saimi akamshika shavu lenye baridi. "Ulifanya vyema kwa Onni. Kwangu ulifanya vibaya."

"Najua."

"Nilikuchukia wiki zote zile, na ulikuwa na la kujitetea. Mume wa kunifungia mlango simtaki."

"Umesema mume?"

"Nimesema simtaki."

"Anayefungua je?" Rauno akavua glavu. "Wasichana hawa siwaachi, na wewe jumba lako huliachi. Treni ipo. Nioe, Saimi, au nikuoe, vyovyote utakavyo."

Wasichana walikuwa wameacha kucheza, wameegemea magongo yao, wanasikiliza bila haya.

"Ndiyo," Saimi akasema. "Lakini Onni anadhani bado nimekununia kwa sababu yake, na hajui nimekuja huku. Mpigie sasa hivi. Wewe mwenyewe, na mimi nasikia."

Rauno akatoa simu, akaiweka sauti ya juu, wakangoja pamoja Onni apokee.