Toleo la Nne Lisilochapwa

Jumamosi mchana Wendell Nowicki alirudi nyumbani kwa miguu, theluji ikimfika vifundoni, amekumbatia sanduku la majarida utadhani kabeba mtoto mchanga. Mama Haugen wa mtaa wa pili alikuwa anatoa vitu vya marehemu mumewe, Clarence. Clarence na Wendell walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja, ule wa hadithi za roketi na viumbe wa sayari za mbali, kwa hiyo mjane hakuona mwingine wa kumpa.

"Chukua, mwanangu, uniondolee vumbi," alimwambia mlangoni. Kisha akashusha sauti. "Ila hilo la juu silijui. Clarence alikuwa na matatu tu. Hilo nimelikuta limelala juu ya sanduku leo asubuhi."

Wendell alilitazama, akasoma jaladani: toleo la nne. Hapa Milwaukee na kwingineko, kila mpenzi wa majarida yale alikijua kisa chake. Kabla ya vita, jarida la Sayari za Giza lilianza kutoa hadithi ya sehemu nne kuhusu mgeni kutoka sayari iliyokufa. Mgeni huyo huingia nyumba za watu kupitia chumba cha chini ya ardhi, akapanda ngazi, akagonga mlango na kuita kwa sauti ya mtu wa nyumba ile. Ukimfungulia, umekwisha. Sehemu tatu zilitoka, jarida likafilisika, na wasomaji wakaachwa na mume aliyeegemea mlango huku sauti ya mkewe ikimsihi kutoka upande wa pili. Miaka yote hiyo watu walibishana mwisho wake ulikuwaje. Toleo la nne halikuchapwa kamwe.

Nalo hili hapa mkononi mwake. Mengine matatu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, kingo zikimomonyoka kama biskuti kavu. Hili karatasi zake zilikuwa nyeupe, na zilikuwa na joto.

"Umeniletea mke mwenza mwingine?" mkewe Dolores alimpokea kwa kicheko.

"Huyu hali wala havai. Usimwonee wivu."

"Wen, ukishakaa na hayo mavitu yako hata nyumba iungue hutajua."

"Nitajua moshi ukiziba maandishi."

"Shauri yako. Mimi nashuka kufua." Alimchapa begani kwa taulo, akaegemeza kapu la nguo kiunoni, akateremka chumba cha chini akiimba. Wendell alimpenda mkewe, tena sana. Tatizo ni kwamba muda mwingi alimpenda akiwa ameinamia ukurasa.

Alijitupa kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa ngazi zile. Wapenzi wote wa majarida wana mwiko mmoja: jarida husomwa kwa mpangilio, tangu tangazo la dawa ya kikohozi hadi barua za wasomaji, na anayerukia ukurasa wa mwisho haitwi msomaji, anaitwa mwizi. Wendell hakuwahi kuwa mwizi. Akalifungua toleo la nne, akaanza mwanzo.

Alikuwa amezama aliposikia hatua nyuma yake, kisha komeo la mlango wa ngazi likisukumwa.

"Nimefunga. Baridi inapanda," sauti ya Dolores ilisema.

Mkono ukapita juu ya bega lake, ukaweka kikombe cha kahawa. Alisema asante bila kuinua macho. Akanywa funda moja, akakunja uso. Sukari. Dolores hajawahi kumtilia sukari. Akafunua ukurasa.

Mlango ukagongwa. Kutokea chini.

"Wen? Mbona umefunga?"

Alikodolea macho lile komeo.

"Dolores?" aliita, akigeukia jikoni.

"Niko huku, mume wangu," jikoni kukaitika. Sahani zikagongana.

"Wen, usinitanie bwana," mlango ukasema. "Taa imezima huku."

Wendell aliogopa, lakini, Mungu amsamehe, ndani ya ule woga mlikuwa na furaha. Alikuwa anaijua hadithi hii! Sehemu ya pili ilisema hivyo hivyo: sauti itasingizia giza, italia, itakutaja jina. Usifungue. Alisimama akaegemeza mgongo mlangoni, jarida mkononi.

"Sifungui," alinong'ona. "Nakujua wewe ni nani."

"Wen, ni mimi." Kisha, chini sana, "Wen. Kuna kitu kwenye ngazi."

Mkono wake ukashika komeo. Ukaliachia. Mwisho ulikuwa karibu, kurasa chache tu, nao ungemwambia la kufanya. Hakurukia. Alisoma mbio, mstari kwa mstari.

"Kinapanda, Wen."

Akafunua.

"Wen, tafadhali."

Akafunua. Mlango ulitikisika mgongoni pake. Kucha zilikwaruza mbao. Jikoni mtu alikuwa anaimba taratibu. Wimbo haukuwa na maneno.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili. *Wageni walikuwa wawili. Mmoja hukaa juu na mume, ili asifungue.*

Jikoni kukanyamaza.

Wendell alilia kwa sauti, akavuta komeo, akafungua mlango.

Ngazi zilikuwa tupu. Chini taa ilikuwa inawaka. Kapu lilisimama wima, nguo zimekamuliwa, hazijaanikwa. Ngazi ya juu kabisa ilikuwa na ndala moja ya Dolores. Chumba kile hakina mlango mwingine, na vidirisha vyake hata paka hapiti. Jikoni hakukuwa na mtu. Polisi walipekua nyumba nzima, wakauliza maswali yao, wakachoka. Toleo la nne halikuonekana. Sandukuni mlikuwa na majarida matatu, kama Mama Haugen alivyosema.

Wendell aliung'oa ule mlango, akang'oa na bawaba zake. Baridi yote ya Wisconsin inapanda kutoka kule chini, naye hukaa hapo na koti lake, taa zinawaka, akisubiri kuitwa. Hasomi tena chochote. Haitwi.

Ila kila Jumamosi mchana, akigeuza shingo, hukuta kikombe cha kahawa kwenye mkono wa kiti, kinafuka moshi. Alionja mara moja tu. Kina sukari.