Sauti Kwenye Folda ya Mapokezi

Faili lile liliingia wakati umeme haupo, na hilo ndilo jambo la kwanza lililomsumbua Veneranda. Ujiji nzima ililala gizani tangu magharibi. Kompyuta ya steshenari yake ilikuwa imezimwa, waya umechomolewa ukutani, lakini alipoiwasha asubuhi umeme uliporudi, folda ilionyesha kuwa kuna kitu kimepokelewa usiku.

Folda hiyo ilikuwa fahari yake. Walimu na makarani wa kata walimtumia kazi za kuchapisha kwa barua pepe, naye alichoka kufungua ujumbe mmoja mmoja. Basi akaiseti kompyuta: kila kiambatisho kinachoingia, kitoke kwa yeyote yule, kijihifadhi chenyewe kwenye folda aliyoiita Mapokezi. Aliwatambia majirani kwamba siku hizi anafanya kazi huku amelala. Alipenda kusema kwamba wavivu ndio wenye akili, na hakuona haya kujiweka kundini.

Faili lilikuwa la sauti, halina jina. Alipolibofya, spika ikatoa mlio wa maji yakigonga mawe, halafu kicheko cha mtoto. Alikijua. Kilikuwa cha Rozalia, binti yake wa darasa la kwanza, kile kicheko chake cha kuishia na kwikwi. Alidhani mtoto amechezea simu. Kilichomshangaza ni kibodi kunuka tope la ziwani.

Siku hiyo Rozalia hakucheka. Mama muuza vitumbua alimtekenya, mtoto akajikunja, meno yote nje, na hapakutoka hata mlio.

Asubuhi iliyofuata folda ilikuwa na wimbo wa shule, na mtoto hakuweza tena kuimba. Ikafuata "Shikamoo". Rozalia alipokutana na mwalimu wake njiani midomo ilicheza tu, mwalimu akadhani ni jeuri. Kisha yakaingia maneno ya nyumbani, maji, njaa, sitaki, na kila lililoingia kwenye folda lilipotea kinywani mwa mtoto. Daktari alimmulika koo akasema koo ni zima. Veneranda alirudi kutoka hospitali, akapita dukani kwake bila kufungua, akaenda mlango wa pili kwa Mzee Hamdani, mshona kanzu, ambaye watu humfuata pale hospitali zinaposhindwa.

Mzee alikuja, akasimama mbele ya kompyuta, akanusa.

"Sema polepole, mama Roza," alinong'ona. "Yumo humu. Nani alimkaribisha?"

"Mimi sijamkaribisha mtu, mzee wangu."

"Hii mashine ikiletewa kitu, inauliza kimetoka kwa nani?"

"Haiulizi. Inapokea tu. Mwenyewe niliiseti hivyo."

"Basi umemkaribisha. Jini wa maji haingii nyumba isiyompokea, atasimama nje mpaka achoke. Wewe umemwachia mlango wazi ukaenda kulala. Anamchukua mtoto kidogo kidogo, anamweka humu, na kila unachokipokea umekubali kuwa ni chake. Amebakiza nini?"

"Neno moja. Bado ananiita mama."

Mzee Hamdani alivuta pumzi. "Likiingia hilo, atakuja kumchukua mtoto mzima. Ondoa huo mpango sasa hivi. Zile sauti usizifute. Nitasoma leo, nitasoma na kesho, zitarudi taratibu. Ila nisikilize, mwanangu. Usimpe kitu chako. Hata akikuomba kwa upole, usimpe."

Veneranda aliuondoa mpango. Adhana ya alasiri ikasikika, mzee akaenda msikitini akiahidi kurudi mara moja.

Hapo ndipo ujumbe ulipoingia. Haukuwa na kiambatisho wala jina la mtumaji. Ulisema: *Nipe yako moja, nikurudishie zote.*

Alitaka kuufunga. Lakini Rozalia alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba cha nyuma, anamtazama, na mdomo ukafunguka ukasema "Ma", ukaishia hapo, akajaribu tena na mara hii ikatoka pumzi tu, na harufu ya tope ikapanda dukani mpaka ikamkaba Veneranda kooni, na ndani ya spika, ambazo hakuwa amezigusa, maji yakaanza kugonga mawe, karibu, karibu zaidi, huku chozi la mtoto likishuka bila kilio, na yeye mama mtu, aliyesikia kila neno la mzee na kulielewa, akaona hawezi kungoja kesho wala taratibu, akakivuta kipaza sauti na kusema lile alilokuwa analisema kila jioni mlangoni, likiishia na "mwanangu" ya Kiha cha kwao.

"Rozalia, njoo. Njoo, mwana wanje."

Akaliambatisha, akalituma.

Maji yakanyamaza. Ndani ya folda mafaili yakaanza kutoweka moja baada ya jingine, na Rozalia akacheka, akaimba nusu ya wimbo wa shule, akasema maji, njaa, sitaki, yote kwa fujo, kisha akaruka mapajani kwake.

"Mama!"

Veneranda alifungua kinywa aitike. Ilitoka pumzi. Alijaribu tena, akaelewa, na hakujuta. Alimkumbatia mtoto akalia kimya kwa furaha, maana kama hiyo ndiyo bei, aliiona ndogo.

Mtoto aliteremka kwenda kucheza na karatasi karibu na mlango. Barabara ilikuwa tulivu, watu wako msikitini. Ndipo ikaja sauti kutoka upande wa ziwa, sauti ya mwanamke, yenye upendo wote wa mama anayemwita mwanawe jioni.

"Rozalia, njoo. Njoo, mwana wanje."

"Abee, mama! Naja!" Rozalia akaitika, akatupa karatasi, akakimbia nje.

Veneranda alipiga kelele isiyosikika. Aliruka kaunta, akaangusha printa, akamdaka mtoto kwa kola ya sare katikati ya barabara na kumgeuza kwake kwa nguvu. Sauti ikaita tena, polepole, haina haraka yoyote. Rozalia alimtazama mama yake mdomoni, akauona umefumbwa, kisha akageuza uso kuelekea ziwani na kuanza kujivuta atoke mikononi mwake, aifuate sauti ya mama.